Ukali Uje Nyuma

Katika migahawa mingi ya Dar es Salaam na Mombasa, pilipili haina chombo chake rasmi. Hukaa kwenye chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko kwa msumari wa moto, au kwenye kibakuli cha plastiki chenye kijiko kimoja kinachozunguka meza zote. Haina jina, haina lebo, wala haina namba ya kutisha ubavuni. Hata hivyo watu huifuata. Wapo wanaopita vibanda kadhaa vya chipsi ili wakafike kile wanachokitaka wao, na ukiwauliza sababu hawataji viazi wala mayai. Wanataja pilipili ya pale.

Nawaandikia hao, pamoja na yule anayewatengenezea, maana siku hizi sifa za pilipili zimetekwa na watu wengine kabisa. Yamekuwa mashindano. Kijana anajirekodi akitafuna kitu chekundu, machozi yanamtoka, kikombe cha maziwa kipo tayari pembeni, wenzake wanacheka. Mwaka 2023 Guinness walitangaza kwamba pilipili kali kuliko zote duniani ni Pepper X, iliyozalishwa na Ed Currie wa South Carolina, Marekani, kwa wastani wa vipimo 2,693,000 vya Scoville. Ilipokonya taji Carolina Reaper, ambayo nayo ni ya mkulima huyohuyo. Kama kilimo, nampa heshima yake. Kuchagua na kuchavusha mimea msimu baada ya msimu mpaka upate unachokitafuta si kazi ya mchezo. Lakini katika kelele zote hizo sijasikia mtu akisema Pepper X inaliwa na nini. Na samaki wa kupaka? Na maharage?

Kipimo chenyewe hakikuundwa kujibu swali hilo. Wilbur Scoville, mfamasia wa Marekani, alikibuni mwaka 1912. Alitoa kiini cha pilipili kwa kuiloweka kwenye kilevi, akakizimua kwa maji ya sukari, akawapa waonjaji, akaendelea kukizimua mpaka wasihisi mwasho tena. Namba tunayoisoma ni ya kuzimua huko. Pilipili hoho hupata sifuri. Pilipili mbuzi na jamaa zake wa ukoo wa habanero huwa kati ya 100,000 na 350,000. Sasa tazama Tabasco, mchuzi ambao Edmund McIlhenny alianza kuuuza mwaka 1868 kutoka Avery Island, Louisiana. Una vipimo 2,500 hadi 5,000 hivi. Hiyo ni miongoni mwa chupa za pilipili zinazojulikana zaidi duniani, na ukali wake hauzidi sehemu moja ya ishirini ya pilipili mbuzi iliyo pole kabisa. Kilichoifikisha huko ni subira: pilipili husagwa na chumvi, huachwa ichache ndani ya mapipa ya mwaloni kwa muda unaofika miaka mitatu, ndipo siki inaingia. Hakuna anayejirekodi akilia kwa Tabasco. Wanaiweka kwenye mayai, wanaendelea na asubuhi yao.

Sayansi nayo iko upande wa walaji, si wa mashujaa. Kapsaisini, kemikali inayowasha, yenyewe haina ladha wala harufu. Mwaka 1997 David Julius na wenzake huko San Francisco walitambua kipokezi cha neva kinachoitikia kemikali hiyo, TRPV1, na ikabainika kwamba hichohicho ndicho kinachoamshwa na joto la kuanzia nyuzi 43 hivi, joto linaloanza kuumiza. Julius alitunukiwa Nobel ya tiba mwaka 2021, akigawana na Ardem Patapoutian. Kwa mlaji maana yake ni nyepesi: mwasho ni habari ya kuungua mahali pasipo na moto. Ndege hawaipati habari hiyo, ndiyo maana hudonoa pilipili kichaa bila wasiwasi na kutawanya mbegu zake. Sisi tunaipata, na tukaamua kuipenda. Ikija kwa kiasi huamsha kinywa. Mate yanatoka, kijasho chembamba kinajitokeza, na wali uliokwisha kukuchosha unautazama upya. Ikizidi, huonji tena chumvi, huonji samaki, huonji hata pilipili yenyewe. Wanaotia kwenye michuzi yao kapsaisini iliyokamuliwa kiwandani wanakuuzia maumivu yaliyovuliwa tunda lake, na mara nyingi yana uchungu wa dawa unaobaki nyuma ya ulimi.

Katika pwani yetu mambo hayakuanzia kwenye ukali hata kidogo, na ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 1331. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu aliandikiwa meza ya wageni, naye hakusahau kueleza alichokula: wali uliopikwa kwa samli, kitoweo cha nyama, kuku, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na pembeni maziwa ya mgando yaliyowekewa ndimu za achari, vishada vya pilipili vilivyolowekwa kwenye siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Ameeleza mpaka namna ya kula: tonge la wali, kisha kidogo cha vile vya chumvi na siki. Pilipili ile haikuwa hii tuijuayo. Hii nyekundu ni mzaliwa wa Amerika ya Kati na Kusini, na ilivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, ndipo meli za Wareno zikaieneza Afrika na Asia. Vishada vya Mogadishu, kwa hiyo, vilikuwa pilipili manga au jamaa yake kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi.

Yaani karne na zaidi kabla ya pilipili ya leo kutia mguu huku, pembe ile ya sinia ilikuwa imekwisha kupangwa: uchachu, chumvi, tunda, na kitu kidogo cha kuchangamsha. Pilipili ilipofika ilikuta kiti kimewekwa, ikakaa kama mgeni mwenye adabu kati ya ndimu na embe. Anayeila kwa ukali peke yake anamsalimia mgeni na kuwapita wenyeji.

Wenyeji hao bado wapo. Nenda Unguja ukaagize urojo: rojo la manjano lenye uchachu wa embe mbichi au ndimu, ndani yake bajia, kachori, viazi, juu chatne ya nazi, na pilipili huja mwisho, kwa kijiko, kwa ridhaa yako. Mombasa viazi karai haviendi bila ukwaju. Achari ya ndimu hukaa juani kwenye chupa ya kioo siku nyingi mpaka ganda gumu lilainike na uchungu wake upungue. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho kingesimama kwa kuwasha tu.

Fundi wa pilipili utamtambua tangu sokoni. Anainusa kabla ya kuuliza bei. Anatafuta pilipili mbuzi iliyoivia mtini, nyekundu au ya njano, ngozi inang'aa, kikonyo bado kibichi. Pilipili hiyo ukiikata, chumba kizima kinanukia tunda. Kuna embe bivu ndani yake, na kitu cha maua. Harufu hiyo ndiyo mali anayoinunua. Ukali ni ushuru tu.

Na ushuru unapunguzika. Kapsaisini nyingi imo kwenye utando mweupe unaoshikilia mbegu, si kwenye mbegu zenyewe, ambazo hupakwa tu kwa kugusana nao. Wengi hutoa mbegu wakaacha utando, kisha wakashangaa mbona bado inawaka. Mwenye kujua hupasua pilipili katikati, akakwangua utando wote kwa ncha ya kijiko, akabaki na nyama iliyo na karibu harufu yake yote na sehemu ndogo ya ukali. Hapo anaweza kutia pilipili kumi mahali ambapo angetia tatu. Ufundi wenyewe naona umelala hapo: kuweka pilipili nyingi ili ionjwe, kuliko kidogo ili iogopwe. (Mikono apake mafuta kwanza, na baadaye aoshe kwa sabuni, kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta, maji matupu huitembeza tu, na jicho halitamsamehe.)

Kinachofuata ni mwili wa mchuzi. Dar es Salaam wengi hutumia karoti, na mimi niko upande wao. Karoti iliyochemshwa na kusagwa inashika vizuri, inaleta utamu usio wa sukari, na haigombani na harufu ya pilipili mbuzi. Nyanya hufaa, lakini huleta maji, hivyo inataka jiko la muda mrefu. Papai bivu ni zuri kuliko watu wanavyodhani. Kitunguu saumu kiwe cha kutosha bila kuwa msemaji mkuu, tangawizi kidogo, na anayependa akaange uzile mkavu, ausage, atie nusu kijiko. Hapo wengine hupotea kwa furaha, wakatia iliki, mdalasini, karafuu, mpaka mchuzi ukawa pilau isiyo na wali.

Uchachu unataka akili zaidi kuliko viungo vyote. Siki ni ya moja kwa moja na inalinda mchuzi usiharibike. Ukwaju una kina. Uloweke, ukamue, uchuje, uupike mpaka uwe mzito, nao utakupa uchachu na utamu mweusi kwa pamoja. Embe mbichi ni la msimu na halina mbadala wa kweli, ndiyo maana pilipili ya embe huliwa kwa pupa. Ndimu inatiwa mwisho, moto umekwisha kuzimwa, kwa sababu harufu yake haivumilii jiko. Ukitia ndimu mapema unabaki na ukakasi na lawama za wageni.

Wapo wasiotaka jiko kabisa, na nawaelewa. Moto hauvunji ukali, ila hufukuza harufu. Pilipili mbichi iliyotwangwa kwenye kinu kwa chumvi, kitunguu saumu na ndimu, ikaliwa siku hiyohiyo na samaki wa kuchoma, ina uhai ambao hakuna cha chupa kitakachoufikia. Blenda hufanya kazi haraka lakini husaga kila kitu kuwa kimoja. Kinu huacha vipande, na kila tonge linakuja na habari yake. Tatizo la mbichi ni kwamba haingoji. Anayetaka ya kuweka na apike, atie siki ya kutosha, afunge ikiwa moto kwenye chupa iliyochemshwa. Na yule anayependa kulowesha pilipili na kitunguu saumu kibichi kwenye mafuta, akaiacha kabatini kwa majuma, ajue kwamba mafuta yanafungia hewa nje, na mahali pasipo hewa wala uchachu ndipo bakteria wa sumu ya botulinamu wanapostawi. Ya mafuta iwekwe kwenye friji, iliwe ndani ya siku chache.

Nisije nikaeleweka kwamba pilipili kali ni dhambi. Rwanda kuna Akabanga, mafuta ya pilipili yanayotoka kwenye viwanda vya Sina Gérard huko Nyirangarama, njia ya Kigali kwenda Musanze. Ni makali kwelikweli. Lakini chupa yake ndogo ni ya matone, mfano wa zile za dawa ya macho, na hapo mtengenezaji ameonyesha busara: tone moja kwenye maharage, mawili kwenye nyama ya mshikaki, basi. Harufu inatangulia, mwasho unafuata kwa mbali. Ukali uliopimwa ni wa kula. Mtu akichukua chupa hiyohiyo akaimimina ili kuwavutia rafiki zake, chupa haina kosa.

Hata mpangilio wa wakati una uzito kwenye ulimi. Pilipili iliyotengenezwa vyema hufunguka kwa hatua: kwanza chumvi na uchachu, kisha utamu wa karoti au embe, kisha harufu inayopanda puani, na baada ya hapo mwasho, unaopanda taratibu na kushuka taratibu. Mbaya huanza na mwasho na kuishia na mwasho. Kwa hiyo muuza chipsi anapouliza, "Pilipili niweke, kaka?", jibu la haki ni kuomba tone kwenye ncha ya kidole kwanza. Hakuna aliye fundi atakayekunyima. Atakutazama usoni ukionja, maana naye anataka kujua.

Na mbele ya hayo yote, kuna siku ambazo mchuzi wowote ni wa ziada. Kwenye ufuo wa Mama Ngina, Mombasa, wanauza kachiri za muhogo, nyembamba, zimetoka kwenye karai punde hivi, pamoja na muhogo wa kuchoma uliopasuliwa kati. Pilipili ni ya unga, imechanganywa na chumvi, na ndimu hukamuliwa juu mbele yako. Basi. Hakuna karoti, hakuna siki, hakuna upishi wa saa mbili. Ndimu hufika kwanza, chumvi hufuata, muhogo unavunjika, na ukali unapowasili unakuta mkono umekwisha kurudi mfukoni kuchukua nyingine. Mimi huwaambia waongeze ndimu kabla ya kuongeza pilipili, na dafu naagiza kwa sababu nalipenda, si kwa kuzimia moto.