Wasomaji wa Tope la Momella

Watalii wanaofika kwenye maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, huwapiga picha heroe, hutazama Kilimanjaro kama mawingu yameruhusu, kisha hugeuza gari. Hawana kosa. Lakini kuna watu wachache wanaofika hapo bila haja na ndege wala mlima. Wanakuja na mabomba, kamba na chelezo, wanataka tope la chini.

Tope hilo lina habari. Miaka isiyofika 10,000 iliyopita ubavu wa mashariki wa Mlima Meru uliporomoka, kifusi kikamwagika kuelekea Kilimanjaro. Kilipotulia kiliacha vilima vidogo na mabonde kati yake, na maji yakajikusanya mabondeni. Maziwa makubwa ya Momella hayana mto unaoyatoa maji nje. Maji huondoka kwa mvuke. Magadi, floridi, majivu ya volkano, masizi ya moto wa nyika na mabaki ya mwani hubaki. Kila mwaka tabaka jembamba hulala juu ya lile la mwaka uliopita. Mwaka 1971 Robert Hecky wa Chuo Kikuu cha Duke alimaliza tasnifu yake ya udaktari kuhusu historia ya maziwa haya haya.

Kulitoa tope bila kulivuruga ndiko kunakonifanya niwavulie kofia mafundi hawa. Chelezo hufungwa nanga pande kadhaa, maana upepo ukikisogeza kidogo tu, bomba huingia upande. Ndani ya bomba mna pistoni iliyofungwa waya. Fundi huishikilia pistoni palepale usoni pa tope, halafu bomba ndilo linalosukumwa chini, likiipita. Hivyo tope huingia bila kushindiliwa, na likipandishwa halidondoki, kwa kuwa pistoni imelishika kwa nguvu ya kufyonza. Sehemu ya juu kabisa ni laini kama uji. Mtu akiharakisha, ameshapoteza miaka iliyo karibu nasi kuliko yote.

Maabarani, bomba hupasuliwa kwa urefu. Uso wa tope husafishwa kwa kisu, na kisu hupita kwa upana tu, kufuata matabaka. Ukikipitisha kutoka juu hadi chini umeipaka karne moja juu ya nyingine. Baada ya hapo ni hadubini, na kuhesabu vijiganda vya mwani aina ya diatomu, kimoja kimoja, mamia kwa mamia: huyu hupenda maji baridi, yule maji ya chumvi. Hata hapo mitego ipo. Magadi yakikolea huyayusha vijiganda vyenyewe. Nayo hewa ya kaboni itokayo kwenye volkano huweza kumhadaa mpimaji wa umri, tope likaonekana kongwe kuliko lilivyo. Fundi mzuri haamini kipimo kimoja.

Mwaka 2016 kazi ya namna hii ilifanyika kwa ukubwa zaidi katika Ziwa Challa, upande wa pili wa Kilimanjaro, mpakani na Kenya. Huko matabaka yamepangika vizuri ajabu: jeupe la diatomu za kipupwe chenye upepo, jeusi la msimu wa mvua. Mabomba yalishuka zaidi ya mita 200 ndani ya tope, kufikia takriban miaka 250,000.

Wenzao wa Antaktika wana raha moja: hawahitaji chelezo. Ziwa Hoare, katika Bonde la Taylor, hufunikwa na barafu ya mita tatu hadi tano mwaka mzima, nao husimama juu yake wakatoboa. Ziwa hilo limezuiwa na mto wa barafu uitwao Canada. Kizuizi hicho kikiondoka, maji nayo yataondoka. Mchanga unaopeperushwa na upepo hutua juu ya barafu, hupashwa na jua, huizamia taratibu mpaka unadondoka ziwani. Katika bonde hilohilo Ziwa Bonney limepanda kwa zaidi ya mita kumi tangu msafara wa mpelelezi Robert Scott ulipolifikia mwaka 1903, kwa kuwa barafu jirani inayeyuka. Huko ardhi inaendelea kuliumba ziwa mbele ya macho ya watu. Meru ilifanya kazi yake kwa pigo moja.

Mwaka 2000 mtafiti wa barafu Lonnie Thompson na wenzake walitoboa barafu ya Kilimanjaro kuisoma vivyo hivyo. Barafu hiyo inazidi kupungua, na ikiisha hakuna atakayeisoma tena. Tope la Momella bado lipo. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iko Tengeru, safari fupi tu kutoka lango la hifadhi. Vijana wa sayansi wa Arusha, jifunzeni kushika bomba hilo.