Pongezi kwa Mafundi wa Keroka

Keroka imekaa mpakani, huku Kisii, kule Nyamira, na fundi wa simu hakosi kazi upande wowote. Mteja huleta memori kadi yenye video ya mazishi ya babu. Kompyuta imeikataa, inataka ifomatiwe. Fundi mzuri humwahi: usikubali! Kisha husugua sehemu za chuma kwa kifutio cha penseli, hubadilisha adapta, hujaribu kisomaji kingine. Kadi za GB 64 kwa kawaida hutoka kiwandani na mfumo wa exFAT, ambao Windows XP isiyosasishwa haiujui. Kadi ni nzima, kompyuta ndiyo imezeeka.

Ikishindikana, kuna PhotoRec, programu ya bure inayosoma data yenyewe bila kutegemea orodha ya mafaili. Anachookoa hukihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ileile. Majina ya mafaili hupotea, lakini picha hurudi, na mteja mwenye busara halalamiki.

Ninachowapongezea zaidi ni ukweli. Kadi iliyoandikwa GB 128 ilhali ndani ina 8, wataiita bandia hata kama imeuzwa na jirani yao. Na isipoonekana kwenye kompyuta yoyote, fundi mwaminifu husema imekufa, bila kudai shilingi.