UKOMO WA HEDHI NA AFYA YA MOYO: UHAKIKI WA ISTILAHI

Katika maandishi ya Kiswahili yahusuyo afya ya wanawake wa umri wa makamo, istilahi zimezidi ufahamu. Jambo moja huitwa kwa majina matatu, na jina moja hubebeshwa mambo matatu. Makala haya yanakusudia kupima baadhi ya istilahi hizo kwa kipimo kimoja tu: je, mama wa Kwihara, kando ya mji wa Tabora, akisomewa karatasi ya afya, ataelewa ni kitu gani kinachobadilika mwilini mwake na afanye nini?

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe. Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma mwanamke akipitisha miezi 12 mfululizo bila kuiona, pasipo sababu nyingine kama vile ujauzito au ugonjwa. Kwa walio wengi hutokea kati ya umri wa miaka 45 na 55. Ovari hupunguza sana kutoa homoni ya estrojeni, na homoni hiyo ndiyo iliyokuwa ikilisaidia ini kuondoa kolesteroli katika damu. Ikipungua, kolesteroli iitwayo "mbaya" huongezeka. Mafuta ya mwili nayo huhama: yaliyokaa mapajani na nyongani huelekea tumboni, hata pale ambapo mizani haionyeshi tofauti kubwa. Uchunguzi wa muda mrefu ulioanza nchini Marekani katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kolesteroli hupanda hasa karibu na hedhi ya mwisho. Mwaka 2020 Chama cha Moyo cha Marekani kilihimiza kwamba kipindi hiki kichukuliwe kuwa wakati wa kuulinda moyo mapema.

Sasa tutazame majina. Wako wasemao "kufunga kizazi". Hili halifai kabisa, kwa kuwa katika hospitali zetu maneno hayo yana maana ya upasuaji wa kuzuia mimba. Wengine huandika "kukatika hedhi". Lakini umeme ukikatika twangoja urudi. Mama atangoja vivyo hivyo. "Kukoma hedhi" ni bora kuliko hayo yote. Hata hivyo lina upungufu: hutaja siku ya mwisho tu, ilhali mabadiliko yenyewe huchukua miaka kadhaa kabla na baada yake. Msomaji hudhani kwamba jambo limekwisha, kumbe kwa upande wa moyo ndipo linapoanza.

Kasoro kubwa zaidi imo katika neno "mafuta". Wafasiri wengi, wakikutana na kolesteroli, huandika "mafuta katika damu", kisha huongeza shauri: "punguza mafuta". Mama mwembamba husikia na kujiona salama, kwa kuwa hana mafuta yanayoonekana. Hajaambiwa kwamba sehemu kubwa ya kolesteroli hutengenezwa na ini lenyewe, na kwamba wembamba si kinga. Tena neno hilo moja hulinganisha samli na mafuta ya karanga, ambayo moyo hauyapokei kwa namna moja. Mama wa Unyamwezi aweza kuacha karanga, akaendelea na samli, akaamini kwamba ametii.

Kwa kulikimbia neno "mafuta", wengine wamekimbilia "lehemu". Fundi bati na fundi redio wanaijua lehemu vizuri: ndiyo madini ya kuungia. Mtetezi atasema kwamba picha hiyo yafaa, maana mshipa huzibwa kama tundu la sufuria. Twamjibu kwamba lehemu hutengeneza sufuria; haiiharibu. Istilahi inayoufanya ugonjwa uonekane kuwa matengenezo haiwezi kuonya.

Kwa nini basi tuogope kukopa? Kwihara yenyewe ni ushahidi. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji ilitua Unyanyembe; Dkt. Livingstone alikaa Kwihara miezi kadhaa mwaka 1872. Wapagazi walibeba kitambaa kilichoitwa merikani, jina lililotokana na nchi kilikotoka, na hakuna aliyelilalamikia, kwa sababu kitu kilionekana na jina lilikielekea kitu hicho tu. "Kolesteroli" nayo iwe hivyo: jina moja, kitu kimoja, na maelezo karibu yake.

Liko pia neno "mshtuko wa moyo". Mshtuko ni jambo la ghafla, tena huletwa na habari mbaya au hofu. Hivyo mama hushauriwa na majirani asiletewe habari za msiba, wala hapelekwi kupima damu. Ugonjwa huo kwa kawaida ni matokeo ya miaka mingi ya ateri kusongwa kidogo kidogo. Na "mshipa" peke yake hautoshi, kwani katika usemi wa kila siku ni ateri, ni vena, ni neva, na hata ngiri.

Kwa hiyo twapendekeza haya. "Kukoma hedhi" litumike kwa tukio, na "kipindi cha ukomo wa hedhi" kwa miaka yote ya mabadiliko. "Kolesteroli" ichukue nafasi ya "lehemu", na "mafuta" yabaki kuwa mafuta, yakitajwa kwa aina zake. "Ateri" itumike badala ya "mshipa", na "kuziba kwa ateri ya moyo" badala ya "mshtuko".

Hatimaye, wanaosanifu istilahi wakumbuke jambo moja. Huduma nyingi zinazomlenga mwanamke zimeitwa "za mama na mtoto". Aliyemaliza kuzaa hajioni ndani ya jina hilo, na hapo ndipo moyo wake unapohitaji kupimwa. Kabla istilahi haijapitishwa, na isomwe kwa sauti mbele ya mama wa namna hiyo, kisha aulizwe ameelewa nini. Jibu lake ndilo litakaloonyesha kama kazi imekamilika.