Ulimi na Bei: Juu ya Ufundi wa Kuonja Jibini la Masisi

Kuonja kitaalamu ni kazi ya hukumu, nayo hutofautiana na kula kwa sababu mlaji hujiuliza kama kitu kinampendeza, ilhali mwonjaji huuliza kitu hicho ni nini, kimetoka wapi, kimepitia mikono gani, na kama aliyekitengeneza amefika alikokusudia. Vitabu vingi hueleza ufundi huu kwa kutumia mvinyo wa Ufaransa, hasa ule mwekundu wa Bordeaux, na si makosa, kwa kuwa Wafaransa wameandika juu ya ulimi na pua kwa bidii kuliko mataifa mengi. Hata hivyo, mashariki ya Kongo ina kitu chake kinachostahili ukali uleule wa hukumu: jibini la Masisi, ambalo watu wa Goma huliita fromaji, linalotengenezwa katika vilima vya Kirolirwe na vijiji jirani kando ya barabara itokayo Sake kuelekea Kitshanga, likauzwa Goma kwa bei ambayo familia ya kawaida huweza kuimudu, na ambalo kwa miaka mingi lilipakiwa katika ndege hadi Kinshasa. Kwa kuwa ni rahisi, wengi hulinunua bila kulihoji. Na hapo ndipo ufundi wa mwonjaji una kazi kubwa zaidi, kwani kitu cha bei ya juu huja na sifa zilizokwisha kutangazwa, ilhali kitu cha bei nafuu hakina wakili mwingine ila ulimi unaokihukumu kwa haki.

Anayetaka kulihukumu jibini hili sharti kwanza aijue nchi yake. Kirolirwe iko katika nyanda za juu za Masisi, mahali ambapo usiku huwa na baridi, mvua ni nyingi, na udongo una rutuba iliyotokana na majivu ya volkano. Majani ya kikuyu, yaani nyasi fupi nene zinazotambaa na kufunika vilima kama zulia, hustahimili kukanyagwa na ng'ombe na huchipua tena upesi. Wafugaji wa eneo hili wana historia ndefu na nzito, ikiwemo ile ya familia zilizohamishwa kutoka Rwanda na serikali ya kikoloni ya Ubelgiji kuanzia mwaka 1937, na ile ya mashamba makubwa ya mifugo yaliyobadilisha wamiliki baada ya sera ya Mobutu ya mwaka 1973 ya kutwaa mali za wageni. Ufundi wa jibini lenyewe ulitoka Ulaya kwa njia ya wamisionari wa Kibelgiji. Katika milima hiyohiyo, huko Mokoto, watawa wa shirika la Watrapisti kutoka abasia ya Scourmont, karibu na mji wa Chimay ambao jina lake limejulikana duniani kwa bia na jibini, walianzisha monasteri mwaka 1954. Jibini la Masisi hutengenezwa kwa njia ya gouda, na kwa hiyo ni ndugu wa mbali wa jibini hilo la Uholanzi, lakini limekulia kwenye nyasi nyingine na chini ya hewa nyingine.

Mwonjaji asiyejua jinsi kitu kinavyotengenezwa huishia kusema tu kwamba ni kitamu au si kitamu, kwa hiyo inafaa kuifuata njia ya maziwa kwa utulivu. Maziwa ya asubuhi huchujwa kwa kitambaa safi, hupashwa moto kidogo hadi yafikie uvuguvugu wa nyuzi 30 hivi za selsiasi, kisha hutiwa prezura, yaani kimeng'enya kinachopatikana katika tumbo la nne la ndama anayenyonya, ambacho kazi yake ni kuifanya protini ya maziwa ishikane na kuwa mgando. Baada ya nusu saa au zaidi kidogo, mgando hukatwa kwa kisu vipande vidogo ili maji ya maziwa yatoke. Sehemu ya maji hayo huondolewa na mahali pake pakatiwa maji safi ya moto, hatua inayoitwa kuosha mgando, ambayo huondoa sukari ya maziwa na hivyo kupunguza chakula cha bakteria wanaotengeneza asidi. Ni hatua hii inayolipa jibini la aina ya gouda upole wake. Vipande hukusanywa katika vifinyanzio vya mviringo, hukandamizwa kwa uzito, kisha huzamishwa katika maji ya chumvi na mwishoni jibini hupangwa juu ya mbao, likigeuzwa na kupanguswa kila mara, hadi liive. Takriban lita 10 za maziwa huzaa kilo moja tu ya jibini, na hesabu hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu aheshimu kipande kidogo kilicho mkononi mwake.

Kila hatua kati ya hizo huacha alama, na mwonjaji hodari huisoma alama hiyo akirudi nyuma hadi kwenye chanzo chake. Huanza kwa jicho, akitazama ganda la duara zima kabla halijakatwa: ganda zuri ni kavu, limekaza, lina rangi ya manjano iliyokolea kuelekea kahawia, halina nyufa, na pande zake zimenyooka au zimetuna kidogo tu. Jibini lililovimba kama mpira mara baada ya kutoka kwenye kifinyanzio linasema jambo moja waziwazi, nalo ni uchafu, kwa sababu bakteria wa kinyesi walioingia wakati wa kukamua hutoa gesi mapema, siku za mwanzo kabisa. Likivimba baada ya majuma kadhaa na kupasuka ndani, mara nyingi kosa limetokana na vijidudu vya aina nyingine vinavyostahimili joto na kuishi kwenye udongo na malisho yaliyooza. Kisha huja kidole na sikio. Duara likigongwa kwa kifundo cha kidole hutoa sauti iliyojaa, ya aina moja kutoka ukingo hadi katikati. Sauti ya utupu mahali fulani huonyesha shimo au mpasuko uliofichwa. Mchuuzi wa Goma ambaye amezoea kazi yake hugonga hivyo bila kufikiri, na mnunuzi anayemtazama angefanya vyema kugonga pia.

Baada ya hapo jibini hukatwa, na uso wa ndani ndio ukurasa wenye maneno mengi kuliko yote. Vitundu vichache vya mviringo, vyenye ukubwa wa punje ya mtama na kuta zinazong'aa, vimetengenezwa na bakteria wema na ni dalili njema. Vitundu vingi vyembamba visivyo na umbo, vilivyotapakaa kama sifongo, si dalili njema hata kidogo. Kipande chembamba kikikunjwa polepole kati ya vidole viwili hukubali kupinda kabla ya kukatika, na jinsi kinavyokatika hueleza habari ya asidi: kikivunjika ghafla na kuacha unga mkavu mweupe, mgando ulichachuka mno au haukuoshwa vya kutosha, na kikinata vidoleni bila kukatika, maji mengi yalibaki ndani. Ni jaribio la sekunde tatu, halihitaji chombo chochote, na hakuna lebo inayoweza kudanganya mbele yake.

Pua hufuata. Jibini hunuswa likiwa na joto la chumba, si la friji, kwa kuwa baridi hufunga harufu, na hali ya hewa ya Goma hulifaa jambo hilo. Harufu ya siagi, ya nyasi kavu na ya mashanza, yaani maziwa yaliyoganda yanayopendwa kote Kivu, huwa mahali pake katika jibini changa. Jibini lililokomaa huongeza harufu ya karanga zilizokaangwa na mchuzi wa nyama. Harufu ya zizi ni jambo linalotaka uangalifu. Ikiwa ya mbali, yenye joto na iliyochanganyika na nyingine, ni kumbukumbu ya mnyama na haidhuru. Ikitangulia mbele na kufunika kila kitu, ni kosa. Mwishoni ulimi huonja kipande kisicho kikubwa, kinachoachwa kiyeyuke kabla ya kutafunwa, huku hewa ikitolewa puani, maana sehemu kubwa ya kile watu wanachokiita ladha hufika kwa njia ya pua kutoka nyuma ya kinywa. Chumvi husikika kwanza, kisha uchachu, kisha utamu mdogo wa maziwa. Uchungu huchelewa, na ukizidi huweza kuashiria prezura nyingi mno. Kati ya jibini moja na jingine mwonjaji hunywa maji ya uvuguvugu, kwa sababu maji baridi hugandisha mafuta mdomoni na kuuziba ulimi.

Hapa ndipo mvinyo mwekundu wa Ufaransa unapoweza kulifundisha jibini la Masisi jambo moja, na somo lenyewe linahusu bei. Mwaka 1855, kwa ajili ya Maonyesho ya Ulimwengu mjini Paris, madalali wa Bordeaux waliagizwa kupanga mvinyo wa eneo lao kwa madaraja, nao hawakuitisha kikao cha kuonja, bali walifuata bei ambazo mvinyo huo ulikuwa umezoea kupata sokoni. Orodha hiyo ipo hadi leo karibu bila kubadilika, isipokuwa mabadiliko machache kama kupandishwa kwa Château Mouton Rothschild mwaka 1973. Bei ikawa hakimu. Mnamo Mei 1976, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwakutanisha waonjaji wa Kifaransa mjini Paris, akawapa mvinyo bila kuwaonyesha majina, na mvinyo mwekundu wa California wa Stag's Leap wa mwaka 1973 ukapata alama za juu kuliko Mouton wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulikwenda mbali zaidi: wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo mjini Bordeaux walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, wakaueleza kwa maneno yanayotumika kwa mvinyo mwekundu. Hawakuwa wajinga, macho yao yalitangulia pua zao, kama ambavyo bei hutangulia ulimi wa mtu yeyote asiyejihadhari.

Ndiyo maana mwonjaji mwadilifu anayepewa chupa ya Bordeaux ya bei ya chini huilinganisha na kile inachodai kuwa. Hutafuta kama tanini zake, yaani ule ukakasi unaotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu na kukausha ufizi, zimeshikana na tunda au zimeachwa peke yake. Kama uchachu unasafisha kinywa au unakwaruza. Kama ladha hudumu kidogo baada ya kumeza au hukatika palepale. Mvinyo mdogo ulio safi na uliokamilika huushinda mkubwa ulioharibika. Kanuni hiyo inalihusu jibini la Masisi moja kwa moja, kwani ni kosa kulishusha thamani kwa kuwa si gouda iliyokaa mwaka mzima katika ghala la Uholanzi, na ni kosa vilevile, pengine kubwa zaidi, kulisifu bila kipimo kwa sababu ni la nyumbani. Sifa za upendeleo humnyima mtengenezaji kile anachokihitaji kuliko pongezi, yaani kuambiwa kwa usahihi ni hatua gani iliyomshinda.

Tangu mwaka 1935 Ufaransa imekuwa na mfumo wa kisheria wa kulinda majina ya mahali, ambao humzuia mtu kuandika jina la eneo juu ya chupa isiyotoka huko au isiyofuata kanuni zake. Kwenye meza za soko la Goma anayelilinda jina la Masisi kwa vitendo ni mnunuzi anayejua kugonga, kukunja, kunusa na kukataa. Hilo ni jukumu zito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa soko lisilotofautisha jibini lililooshwa vizuri na lile lililovimba humwadhibu fundi mwangalifu, ambaye ametumia kuni zaidi, maji safi zaidi na siku nyingi zaidi, kisha akalipwa sawa na aliyeharakisha.

Siku hizo ndizo kiini cha jambo. Kuivisha jibini ni kuamini kwamba majuma kadhaa yajayo chumba kitakuwa bado chako, na imani hiyo imevunjwa mara nyingi katika Masisi. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliteketeza na kupora makundi ya ng'ombe. Mwaka 1996 watu waliokimbilia monasteri ya Mokoto walishambuliwa na wengi wakauawa, na watawa wakalazimika kuondoka. Katika miaka ya 2000 Kirolirwe ilikuwa chini ya kundi la waasi la CNDP la Laurent Nkunda. Na Januari 2023 waasi wa M23 waliiteka Kitshanga, barabara ya kwenda Goma ikakatika. Mtengenezaji anayehofia kesho hana sababu ya kungoja, hivyo huuza jibini likiwa changa, lenye unyevu mwingi na ganda laini. Mwonjaji anayekuta jibini la namna hiyo, jeupe ndani, lenye uchachu wa maziwa na bila ule ukarimu wa karanga unaokuja na umri, hapaswi kuandika kwamba fundi hajui kazi yake. Anapaswa kuandika kwamba mgando ulioshwa sawasawa, chumvi ni ya kiasi, vitundu ni vichache na safi, na kwamba jibini hili lilihitaji wiki tatu zaidi juu ya mbao. Kisha ampelekee mchuuzi neno hilo, na mchuuzi alipandishe Kirolirwe pamoja na magunia matupu ya kubebea jibini.