Koplingi za Nyarugusu: kiungio cha dharura kinapogeuka cha kudumu

Ikifika mwezi wa nane, nyanda za juu za Kasulu na Kibondo zimekwisha kauka. Majani yana rangi ya udongo, na sehemu nyingine moto wa porini umepita ukaacha jivu. Msimu huo fundi wa maji anayesaka mvujo hahitaji chombo cha kisasa. Anafuata njia ya mtaro kwa miguu, akitazama ni wapi majani yamebaki mabichi, na hapo ndipo anapopiga jembe. Mara nyingi anachokikuta chini si bomba lililopasuka. Bomba ni zima kabisa. Kinacholia machozi ni koplingi.

Uchambuzi huu ni wa hiyo koplingi. Tumezoea kusifu mabomba na pampu, na siku hizi paneli za jua, lakini uamuzi mgumu zaidi katika mtandao wa maji unakaa kwenye viungio. Kambi za wakimbizi za mkoa wa Kigoma zinaonyesha hilo vizuri kuliko mahali pengi, kwa sababu zilijengwa mbiombio kisha zikakaa.

Turudi mwaka 2015. Mgogoro wa kisiasa ulipozuka Burundi mwezi wa nne, maelfu ya watu walivuka na kurundikana Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Mwezi wa tano kipindupindu kikaingia, wakafa takribani watu 30. Meli ya MV Liemba ikawa inawabeba wakimbizi hadi Kigoma mjini, na kutoka hapo mabasi yakawapeleka Nyarugusu, wilayani Kasulu. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, ikapangiwa watu 50,000. Kabla mwaka 2015 haujaisha ilikuwa na zaidi ya 150,000. Ili kuipunguzia mzigo, Nduta ya Kibondo ikafunguliwa upya mwezi wa kumi, na Mtendeli ya Kakonko ikafuata Januari 2016.

Sasa chukua karatasi upige hesabu. Viwango vya kimataifa vya dharura vinadai angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, na koki moja isihudumie zaidi ya watu 250. Koki hiyo inatakiwa kutoa lita 7.5 kwa dakika. Ikifunguliwa saa nane mfululizo bila kupumzika inatoa lita 3,600. Ukigawanya kwa 250, kila mtu anapata lita 14 na ushee. Yaani hata mambo yakienda sawa, hakuna akiba. Presha ikishuka kidogo, dumu linachelewa kujaa, foleni inarefuka, na aliye mwisho anashika njia ya mtoni. Watu 150,000 kwa lita 15 ni mita za ujazo 2,250 kila siku, na maji yote hayo yapite kwenye viungio vilivyofungwa na mikono yenye haraka.

Ndiyo maana kiungio cha mkono, koplingi ya kubana, ndicho chaguo la kawaida kwenye mabomba meusi ya polithini (HDPE) wakati wa dharura. Ifungue uone ndani. Kuna mwili wa plastiki, mpira wa mviringo unaozuia maji, pete yenye meno iliyopasuliwa upande mmoja, na nati kubwa ya kukaza. Fundi anakata bomba likae mraba, anachonga ukingo wake kwa tupa usije ukaukata mpira, anaweka alama ya kina, anapaka maji ya sabuni, kisha anasukuma mpaka bomba lipite mpira na kugonga kituo. Anakaza nati, na pete inauma bomba. Kazi yote ni dakika chache, haihitaji jenereta, na kijana mwenye bidii anaijua kwa asubuhi moja.

Usiidharau hiyo pete. Tuseme tangi liko mlimani, mita 60 juu ya koki ya chini. Usiku, koki zote zikifungwa, maji yanasukuma kwa presha ya bar 6, maana kila mita 10 za mwinuko ni bar moja. Kwenye bomba la milimita 63, nguvu inayotaka kulichomoa kwenye kiungio ni sawa na uzito wa kilo 190 hivi, karibu magunia mawili ya mahindi. Kwenye bomba la milimita 110 ni zaidi ya kilo 550. Bomba la PVC linaloingizwa kwenye soketi ya mpira halina meno ya kushika. Kwenye kona lazima limwagiwe zege la kulizuia, la sivyo litachomoka. Kwa hiyo koplingi ya kubana ilistahili kuchaguliwa: inazuia maji na inashika bomba kwa wakati mmoja.

Tatizo linaanzia kwenye jua. Polithini hutanuka karibu milimita 0.2 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Bomba jeusi la mita 100 likiunganishwa saa saba mchana likiwa na nyuzi 50, kisha likafukiwa na kupoa hadi 25, linataka kufupika kwa nusu mita nzima. Chuma katika hali hiyohiyo kingesogea sentimita 3 tu. Ikiwa fundi hakusukuma bomba hadi mwisho, au alikaza nusu, mvuto huo unalirudisha nyuma milimita kwa milimita mpaka linaachia mpira. Ndiyo sababu mafundi wazoefu hulilaza bomba likijipinda kama nyoka mtaroni, na kiungio cha mwisho hukifunga alfajiri, kabla jua halijachomoza vizuri.

Viwandani ugonjwa huu una dawa: bomba la tabaka mseto. Kati ya tabaka mbili za polithini huwekwa tabaka jembamba la aluminiamu, na kutanuka kunashuka hadi kama sehemu moja ya nane. Yapo pia mabomba ya resini iliyoshonewa nyuzi za kioo, yanayopendwa penye chumvi na kemikali zinazokula chuma. Lakini kila unapoongeza tabaka, kiungio kinakuwa kigumu zaidi. Ukingo ulioachwa wazi unapitisha maji katikati ya tabaka, na bomba linaanza kuoza kutoka ndani. Mfano mkubwa uko Sojo, wilayani Nzega, mkoa jirani wa Tabora. Hapo mabomba ya chuma ya inchi 24 ya mradi wa mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, huvishwa povu la kuhifadhi joto na gamba la polithini. Kiwandani kazi hiyo inakwenda kwa mpangilio. Kazi yenyewe inabaki porini, ambako kila kiungio, baada ya kuchomelewa, lazima kivishwe upya tabaka zote katika njia ya kilomita 1,443.

Kambini nako mseto upo, ila kwa sura nyingine. Tangi ambalo watu wa maji ya dharura huliita tangi la Oxfam, kwa jina la shirika lililolieneza, ni mabati yenye mawimbi yaliyofungwa kwa bolti, na ndani yake mfuko wa mpira. Bati linabeba msukumo, mpira unazuia maji. Kimoja bila kingine hakifai kitu. Na kama kawaida, likivuja, kwanza angalia pale bomba la kutolea maji linapopenya mpira na bati kwa pamoja, katikati ya flanji mbili. Vitu viwili vya tabia tofauti vinapokutana, hapo ndipo pa kuchunga.

Mvujo wenyewe unapoteza nini? Lita moja kwa dakika ni lita 1,440 kwa siku, maji ya watu 96 kwa kiwango cha lita 15. Hiyo ni hasara inayoonekana. Ya hatari zaidi haionekani. Maji ya kambini aghalabu hutoka kwa saa maalumu. Pampu ikizimwa, bomba la mlimani linajimwaga kuelekea bondeni na kuacha ombwe nyuma yake, na tundu lililokuwa linatoa maji sasa linavuta. Linavuta tope la mtaroni, na kama choo kiko karibu, linavuta na ya chooni. Klorini iliyowekwa tangini haitoshi kupambana na uchafu unaoingia kilomita mbili mbele. Koplingi iliyolegea, katika eneo ambalo limekwisha kuonja kipindupindu, si suala la ufundi peke yake.

Njia mbadala inajulikana: kuchomelea. Ncha mbili za HDPE huchongwa, hupashwa moto kwenye sahani yenye nyuzi 220 hivi, kisha husukumwa pamoja na kuachwa zipoe bila kuguswa. Kiungio kikifanywa vizuri kina nguvu sawa na bomba lenyewe, hakina mpira wa kukauka wala nati ya kulegea. Gharama yake ni mashine, jenereta, fundi aliyefunzwa, na subira. Vumbi likiingia au mvua ikinyesha, kazi imeharibika. Mei 2015 hakuna aliyekuwa na subira hiyo, na hakuna wa kumlaumu.

Hapa ndipo ninapotaka jicho la mhandisi litue. Kila koplingi ina tarehe ndani yake: inasema tunadhani watu watakaa siku ngapi. Mtendeli ilifungwa mwaka 2021 na wakazi wake wakahamishiwa Nduta. Kwa kambi iliyoishi miaka isiyozidi sita, kiungio kinachofunguka kwa mkono kilikuwa chaguo sahihi, maana bomba linaweza kung'olewa, kukunjwa na kutumika kwingine. Nyarugusu ipo tangu 1996. Watoto waliozaliwa pale wamekwisha kuwa wazazi. Koplingi ileile, bondeni kwenye presha ya bar 6, pale inadanganya kuhusu muda.

Ninachopendekeza ni kidogo. Siku fundi anapofunga kiungio cha dharura kwenye laini kuu, aandike kwenye daftari la mradi mahali kilipo na mwaka wa kukiondoa. Mwaka huo ukifika na watu bado wapo, mashine ya kuchomelea iende hapo kabla ya mahali pengine, ikianzia bondeni na kupanda. Vyombo vya watumia maji vijijini, vinavyosimamiwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini, vinaweza kufanya vivyo hivyo Makere, jirani na Nyarugusu, au kwingineko, maana nako koplingi za muda huzeeka mitaroni bila kumbukumbu. Vinginevyo tutaendelea kungoja mwezi wa nane, majani yatuonyeshe tulipoahirisha kazi.