"The Vikings" (1958) kwa Macho ya Wavuvi

Nilitazama The Vikings kwa mara ya kwanza nikiwa likizoni nyumbani Majanji, katika kibanda cha video kilicho karibu na mwalo. Nilidhani watu wangecheka. Filamu ni ya zamani, na vibanda vyetu vimezoea filamu za bunduki zinazotafsiriwa na akina VJ Jingo kwa Kiluganda au DJ Afro kwa Kiswahili. Hii haikuwa na mtafsiri. Nilimnong'oneza mjomba yale asiyoyashika. Hata hivyo wavuvi walikaa hadi mwisho. Ni nini kiliwashika?

Kwanza, ni mashua. Mwongozaji Richard Fleischer aliwapeleka waigizaji hadi Norwei, akapiga picha merikebu za mbao zinazoelea majini kweli. Katika tukio moja Einar, anayeigizwa na Kirk Douglas, anatoka nje ya merikebu na kuruka kutoka kasia moja hadi jingine. Douglas alifanya hivyo mwenyewe. Mvuvi ajuaye jinsi kasia lililolowa linavyoteleza hahitaji kuelezwa hatari yake. Filamu nyingi za siku hizi hutengeneza bahari kwa kompyuta. Mawimbi ni makubwa zaidi, lakini chombo hakina uzito.

Pili, ni hadithi yenyewe. Einar ni mwana wa kiongozi Ragnar, na Eric (Tony Curtis) ni mtumwa. Baba yao ni mmoja, nao hawajui. Wanachukiana tangu mwanzo. Kozi wa Eric anamtoboa Einar jicho. Mwishoni wanapigana juu ya ngome. Upanga wa Eric umevunjika, na Einar ameshaambiwa kwamba huyu ni ndugu yake. Anainua upanga, kisha anasita. Eric, asiyejua lolote, anamchoma kwa kipande kilichobaki mkononi.

Hapo kibanda kilinyamaza, nami nadhani najua sababu. Sisi Wasamia tuko pande zote mbili za mpaka. Mtu wa Majanji na mtu wa Sio Port, Kenya, wanaweza kuwa na babu mmoja, lakini wakikutana ziwani usiku, kinachoulizwa kwanza ni upande unakotoka. Nyavu za mjomba ziliwahi kuchukuliwa kwenye maji hayo na watu waliomsalimu kwanza kwa Kisamia. Einar aliposita, mjomba alisema, "Angeuliza mapema."

Sisemi kwamba filamu hii haina kasoro. Inafanya uporaji uonekane kama sherehe, na haikai hata kidogo na wale wanaochomewa nyumba. Morgana (Janet Leigh) anagombaniwa kama mali, na kuwanyanyasa wanawake kunafanywa mzaha wa walevi. Msichana aliyeketi mbele yetu aliondoka kabla ya nusu, na sikumlaumu.

Lakini filamu yenyewe haishangilii ushindi wa Eric. Inamaliza kwa maziko: maiti ya Einar inalazwa merikebuni, tanga linapandishwa, na mishale ya moto inarushwa mpaka chombo chote kinawaka. Wahakiki husifu uzuri wa picha hiyo. Nyuma yangu mzee mmoja aliguna, "Mashua nzima!" Kwake, hicho ndicho kilikuwa kipimo cha msiba.