Ukuta wa Udongo Hupimwa Mguuni

Ukitaka kujua kama fundi ameitengeneza vyema nyumba ya zamani ya miti na udongo, usianze kwa kuutazama uso wa ukuta. Inama kwanza utazame pale ukuta unapokutana na ardhi. Uso unaweza kulainishwa na yeyote mwenye mwiko na ndoo ya saruji, lakini mguu wa ukuta huonyesha kama kazi ilifanywa au ilifunikwa.

Katika vijiji vya Arua na Koboko, eneo la West Nile kaskazini-magharibi mwa Uganda, nyumba hizi bado ni nyingi, za msonge na za pembe nne. Nyingi kati ya zile zinazoitwa kongwe zilisimamishwa katika miaka ya 1980, watu waliporudi kutoka Zaire na Sudan. Walikuwa wamekimbilia huko kufuatia vita vya 1979 vilivyomng'oa Idi Amin, na mauaji ya 1980 yaliyofuata. Waliorudi walihitaji mahali pa kulala kabla ya mvua, wakachimbia nguzo moja kwa moja ardhini. Leo wajukuu zao wanajiuliza kama wabomoe au watengeneze. Mimi nasimama upande wa kutengeneza, mradi kilichooza kitolewe chote.

Nguzo haiozi yote kwa wakati mmoja. Huoza pale ardhi inapoishia na hewa kuanzia, kama shubiri moja juu na moja chini, kwa sababu kuvu wanaokula mti wanataka unyevu na hewa kwa pamoja, na hapo vyote vipo. Ndiyo maana nguzo inaweza kuonekana nzima kifuani huku mguu wake ukiwa unga. Chukua kisu chembamba ukichome pale chini. Kikizama bila ubishi, nguzo hiyo imekwisha hata kama paa bado limekaa sawa. Ukiona vijia vya udongo vinapanda ukutani, vibanjue: mchwa weupe wakitoka, wamo kazini, vikiwa vikavu na vitupu, huenda wameshahama, lakini kagua nguzo za jirani.

Fundi mzuri utamjua kwa kazi yake ya kwanza, nayo ni kulibeba paa. Huegemeza miti imara chini ya boriti, ndipo anapong'oa nguzo moja, anaweka mpya, anahamia nyingine. Anayeng'oa tatu kwa mpigo ili amalize mapema anaichezea nyumba yako, na paa litakalolala upande halitanyooka tena kwa plasta. Mwombe pia asiitupe nguzo aliyoing'oa. Kama amekata sehemu ya chini tu, itazame ncha ya juu alikokata: ikiwa bado ina weusi na vumbi la wadudu, hajafika kwenye mti mzima.

Mti mpya nao una daraja zake. Mkaratusi umejaa West Nile, kwa sehemu kwa sababu wakulima wa tumbaku walihitaji kuni za kukaushia majani, lakini mkaratusi mchanga wa miaka michache karibu wote ni nyama nyeupe, na hiyo ndiyo mchwa huipenda. Tazama ulipokatwa. Unataka kiini cheusi zaidi kilichotawala katikati, maganda yamebanduliwa, na mti umekauka kivulini hadi unatoa sauti kavu ukigongwa. Ukipigilia misumari mti mbichi, utapasuka utakapokauka. Msaji, ule ambao wengi huuita tiki, unashinda yote haya. Umekuwa ukiingia kupitia Oraba, mpakani, kutoka upande wa Yei, Sudan Kusini, na mwenye uwezo wa kuupata ununue hata kwa nguzo za pembeni tu. Kuhusu oili chafu inayopakwa miguuni mwa nguzo, inasaidia kidogo, lakini hutiririka ardhini. Isitumike karibu na kisima wala ghala la chakula.

Lakini mti bora ukizikwa kama ule wa zamani, utaoza kama ule wa zamani. Hapa ndipo ninapomtofautisha fundi na kibarua. Fundi huinua. Nguzo mpya husimama juu ya jiwe pana au tofali zuri la kuchoma, lililojengewa msingi mfupi unaopanda juu ya usawa wa maji ya mvua, nao hubaki wazi, bila kandiko, ili mchwa akijaribu kupanda umwone. Mawe West Nile hayana shida. Ukikuta nyumba iliyotengenezwa upya na huoni jiwe hata moja mguuni, uliza maswali.

Sasa udongo. Wa juu, wenye mizizi, haufai. Hunywea na kuliwa. Wa kichuguu unanata sana kwa sababu mchwa wamekusanya mfinyanzi wake, hivyo ukitumiwa peke yake hupasuka vipande vipande kama ziwa lililokauka. Unahitaji mchanga, na unahitaji nyasi zilizokatwa fupi. Finyanga kamba nene kama kidole uiache ining'inie kwenye ukingo wa kiganja: ikikatika mara moja, mchanga umezidi, ikirefuka na kuning'inia sana, mfinyanzi umezidi. Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha subira: fundi apake viraka vya mchanganyiko tofauti ukutani, avisubiri vikauke kabisa, kisha msugue kwa kiganja pamoja. Kile kisichopasuka wala kutoa vumbi ndicho cha kutumia. Fundi anayekataa kufanya hivyo kwa madai kwamba anaujua udongo wote wa Koboko hajui kwamba udongo hubadilika kutoka shamba hadi shamba.

Ukuta wa zamani lazima ukwanguliwe hadi kwenye sehemu ngumu, kingo zikatwe kwa mshazari, zilowanishwe, ndipo upya ushikane na ukale. Tabaka la kwanza litapasuka kidogo, nalo lisikutishe. La mwisho ni jembamba, la mchanga laini na mavi ya ng'ombe, nalo mara nyingi huwa mikononi mwa akina mama. Mama aliyezoea kusiriba hupapasa kama anayetafuta kitu, na akigusa mahali penye hewa ndani hupatoboa na kupajaza upya. Wewe pia gonga kwa kifundo cha kidole baada ya mwezi. Sauti ya debe tupu maana yake tabaka halikushika.

Kuhusu saruji nitasema wazi, maana tangu barabara ya lami ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, imekamilika, magunia yanafika kila senta. Plasta ya saruji juu ya ukuta wa udongo haifai. Udongo hunywa unyevu kutoka ardhini na kuutoa hewani, ukitanuka na kunywea. Saruji haitanuki nao, wala haiuachi upumue. Maji hukusanyika nyuma yake, nguzo huoza gizani bila wewe kujua, na siku moja kipande chote huanguka. Kama nyumba yako ni ya matofali ya kuchoma, hilo ni jambo lingine: plasta inaweza kukaa, ikiwa viungo vimekwanguliwa na matofali ni mazuri. Gonganisha mawili usikie mlio, kisha loweka moja usiku kucha. Likimomonyoka asubuhi, lilikaa pembeni mwa tanuru, mbali na moto.

Kazi yote hii ni ya kiangazi, kati ya Desemba na Februari, udongo unapopata siku za kukauka na nyasi za kuezekea ziko tayari. Mkubaliane na fundi mapema kwamba hatafunika chochote kabla hujauona ukuta ukiwa mifupa mitupu, nguzo, fito na vifungo, na sehemu ya malipo ingoje hadi siku hiyo. Na kama mwaka huu una fedha za kazi moja tu, zipeleke kwenye upenu mpana, angalau sentimita 60 nje ya ukuta, na kwenye msingi wa mawe. Rangi na plasta vinaweza kungoja kiangazi kijacho.